Ofa ya kazi Kanada: ajenti anataka 185,000, eti itanipa pointi. Kuna ukweli?

#1 FundiMatrekta (Nakuru)
Wadau, salamu. Mimi ni fundi wa matrekta na mashine nzito, nazunguka kati ya Njoro na Nakuru mjini. Umri 34, sijaoa, diploma ya miaka miwili (tayari imekaguliwa), kazini zaidi ya miaka saba. Mtihani wa Kiingereza, IELTS, wa mwezi jana: kusikiliza 7.5, kusoma 6.5, kuandika 6.5, kuongea 6.5.

Nilijaza Express Entry, ule mfumo wa kuomba makazi ya kudumu Kanada, mwenyewe kwa simu. Saa nane usiku ndio nikamaliza, halafu ikaniambia sistahili programu hata moja. Simu karibu niitupe.

Sasa kuna ajenti ghorofa ya tatu hapa mjini. Amenionyesha barua ya ofa kutoka kampuni ya Alberta na karatasi nyingine anayoiita LMIA, eti idhini ya mwajiri kuajiri mtu wa nje. Anasema ofa inaongeza pointi 50 na alama zangu za CRS, zile za kupanga foleni, zitafika 418. Bei shilingi 185,000, amana 60,000 kabla ya Ijumaa. Swali ni moja tu: ofa ya kazi inaongeza pointi au haiongezi?

#2 JamaaWaKondele
Haiongezi. Kimbia.

#3 MwalimuLurambi (Kakamega)
Inaongeza. Binamu yangu aliongezewa 50 na sasa yuko Regina. Zamani hata zilikuwa 600. Tusimvunje kijana moyo kwa mambo ya kusikia.

#4 MtotoWaDunga (Winnipeg)
Mwalimu, binamu yako alienda mwaka gani? Hapo ndipo tunapochanganya watu. Express Entry ilipoanza Januari 2015 ofa ilikuwa na pointi 600, ukiwa nayo umeshaitwa. Novemba 2016 wakazishusha: 200 kwa wakurugenzi wa ngazi za juu, 50 kwa sisi wengine. Desemba 2024 waziri wa uhamiaji wa wakati huo, Marc Miller, akatangaza zinaondolewa, na tarehe 25 Machi 2025 zikaondoka kweli. Hata waliokuwa wakisubiri kwenye foleni walipokonywa. Sababu waliyotoa ni kwamba LMIA zilikuwa zinauzwa kama mahindi ya kuchoma.

Kwa hiyo ajenti anakuuzia pointi zilizokufa.

#5 MwalimuLurambi (Kakamega)
Alienda 2019. Haya, nimekubali. Lakini walisema ni hatua ya muda, kwa hiyo zinaweza kurudi.

#6 JamaaWaKondele
Hata ushuru usioisha hapa Kenya huitwa wa muda.

#7 Mhasibu58 (Nakuru)
#4 uko sawa lakini umeacha nusu ya hadithi. Kuna mizani mbili na watu wanazipima kama moja. CRS, ile ya hadi 1,200, ndiyo inayopanga foleni. Kabla ya kuingia foleni, fundi wa nje kama yeye hupimwa kwanza kwenye mizani ya Federal Skilled Worker yenye alama 100, na lazima apate 67. Huko ofa halali bado ina pointi 10, na 5 nyingine kwenye kipengele cha kuzoea maisha ya kule. Haikufutwa.

Fundi, nimekupigia hesabu hapa dukani. Umri 12. Diploma ya miaka miwili 19. Kazi miaka sita na zaidi, 15. Kiingereza chako kwa kipimo cha Kanada ni kiwango cha nane kote, tano mara nne, 20. Jumla 66.

Sitini na sita, ndugu yangu. Ndiyo maana mfumo ulikufungia mlango. Na ndiyo maana ajenti anaonekana mkweli: ukiwa na ofa ya kweli unafika 81. Ni mkweli nusu, na hiyo nusu ndiyo inauza.

#8 FundiMatrekta (Nakuru)
66?? Nimehesabu mara tatu, nimepata hiyo hiyo. Ajenti hajawahi kunitajia 67 hata siku moja.

#9 KidoleJuu
Umekosa matatu na bado unaona taa zake za nyuma. Pole sana.

#10 SistaWaZamu (Kisumu)
Fundi, kusoma una 6.5. Ukipata 7.0 kwenye kusoma peke yake, hiyo inakuwa kiwango cha tisa na badala ya 5 unapewa 6. Jumla 67. Unatafuta 185,000 kwa ajili ya nusu alama ya kusoma?

Mimi kusoma kulinitesa kwa sababu nilikuwa nasoma habari yote kwanza halafu maswali. Mwenzangu wa wodi akaniambia anza na maswali, weka kidole kwenye neno, ndipo ulitafute. Tulikuwa tunajipima usiku wa manane wagonjwa wakilala, saa ya ukutani ikiwa ndiyo msimamizi. Nilitoka 6.5 nikapata 7.5.

#11 OmwanaWaWebuye
Kuna njia fupi kuliko mtihani. Una ndugu Kanada? Ndugu mwenye makazi ya kudumu au uraia anakupa pointi 5 kwenye hiyo mizani ya 67.

#12 FundiMatrekta (Nakuru)
Nina shangazi Edmonton! Ana uraia kabisa.

#13 MtotoWaDunga (Winnipeg)
Shangazi wa aina gani? Uliza kwanza kabla ya kushangilia.

#14 FundiMatrekta (Nakuru)
Shangazi. Baba yake na babu yangu ni ndugu wa tumbo moja.

#15 MtotoWaDunga (Winnipeg)
Basi huyo kwa vitabu vya Kanada ni binamu wa baba yako. Wanataka dada wa baba au wa mama, au mke wa ndugu yao. Mjomba sawa, ndugu sawa, babu na nyanya sawa. Binamu hapana.

#16 OmwanaWaWebuye
Kwetu huyo ni shangazi na atakula kuku kwenye mahari.

#17 MtotoWaDunga (Winnipeg)
Atakula kuku, lakini pointi hana. Wataomba vyeti vya kuzaliwa vya kuunganisha mnyororo wote, wewe hadi babu. Ukiandika “shangazi” na vyeti vikasema vingine, hilo linaitwa kudanganya, na adhabu yake ni kufungiwa miaka mitano.

#18 Mhasibu58 (Nakuru)
Naomba nimwage maji baridi, nisamehewe. 67 ni lango la boma tu. Ukishaingia, CRS ya fundi kwa alama alizonazo sasa ni 311. Hiyo 418 ya ajenti sijui ameitoa kwa mganga gani. Raundi ya kuita mafundi ya Oktoba 2024 iliishia alama 433. Ya Septemba 2025 ilipanda mpaka 505. Kiwango cha tisa kwenye sehemu zote nne kitampeleka kama 380, kwa sababu uzoefu na masomo huongezewa pia. Bado yuko nje.

#19 SistaWaZamu (Kisumu)
Na Kifaransa? Machi 2025 waliita watu 7,500 wa Kifaransa kwa 379. Kiwango cha saba tu kinahitajika.

#20 KidoleJuu
Fundi wa Njoro aseme “bonjour” chini ya trekta.

#21 SistaWaZamu (Kisumu)
Cheka tu. Kuna mwenzetu aliyeanza sifuri, mwaka mmoja na nusu kila jioni baada ya zamu. Sasa anasubiri matokeo ya afya.

#22 MwalimuLurambi (Kakamega)
Mnamzungusha. Kuna mikoa! Ukiteuliwa na mkoa unapewa 600 moja kwa moja, na hizo hazijafutwa. Mikoa mingine inapenda mtu mwenye ofa. Kwa hiyo ofa bado ni dhahabu.

#23 MtotoWaDunga (Winnipeg)
Hapo nakuunga mkono Mwalimu, ila 2025 mikoa ilikatiwa nafasi kutoka 110,000 hadi 55,000. Manitoba hapa wanataka mtu mwenye uhusiano na mkoa. Dhahabu ipo, machimbo yamepungua.

#24 JamaaWaKondele
Watu wangu, hakuna aliyeuliza barua yenyewe inasemaje. Fundi, tuandikie yaliyomo. Ficha jina lako.

#25 FundiMatrekta (Nakuru)
Niko nayo hapa. Juu kuna nembo ya jani jekundu, imevutwa kwa upana. “Calgary, Alberta M4O 2K7.” Kazi: Heavy-Duty Equipment Mechanic, namba ya kazi NOC 7312. Mshahara dola 5,800 kwa mwezi, nyumba na chakula bure. Chini imesainiwa na “Afisa Mkuu wa Uhamiaji”. Hiyo ya LMIA ina mhuri wa idara ya uhamiaji ya Kanada, wa duara, wa bluu.

#26 MtotoWaDunga (Winnipeg)
Nimecheka mpaka mke wangu ameamka.

Moja: misimbo ya posta ya Alberta huanza na T. M ni Toronto. Mbili: hakuna msimbo wa posta Kanada wenye herufi O popote, kwa sababu inafanana na sifuri. Huo msimbo haupo duniani. Tatu: NOC ya tarakimu nne iliondoka Novemba 2022, siku hizi ni tano. Kazi yako ni 72401. Nne: LMIA haitolewi na uhamiaji, inatolewa na wizara ya ajira, ESDC, na barua yake huenda kwa mwajiri. Afisa wa uhamiaji hawezi kusaini barua ya mwajiri, kama vile chifu hawezi kukuandikia barua ya kuajiriwa na sonara.

#27 KidoleJuu
M4O. Yaani alishindwa hata kufungua ramani.

#28 Mhasibu58 (Nakuru)
Na mshahara. Matangazo ya mafundi kule hutaja dola kwa saa. “Kwa mwezi, chakula bure” ni lugha ya Ghuba, amehamisha barua ya Doha akabadilisha bendera.

#29 MtuWaBungoma (Alberta)
Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi nilitoka Bungoma 2022 na nililipa. Sitasema kiasi gani, tuliuza kipande cha shamba. Barua yangu ilikuwa ya kweli, LMIA ya kweli, kampuni ipo na nilifanya kazi. Kwa hiyo msiseme kila anayelipa anapigwa.

Lakini nilipofika, kila wiki mbili mwajiri alikuwa anakata kiasi “cha karatasi”. Nikiuliza, ananiambia atafuta kibali changu. Kibali kilikuwa na jina lake, siwezi kwenda kwa mwingine. Chumba kimoja tulilala watu wanne, wawili zamu ya usiku na wawili ya mchana, kitanda hakikupoa.

#30 MtotoWaDunga (Winnipeg)
Pole sana kaka. Na ujue hakuwa na uwezo wa kufuta kibali, hiyo ni kazi ya uhamiaji peke yao. Ada ya LMIA ni dola 1,000 kwa kila nafasi na ni ya mwajiri, haruhusiwi kuirudisha kwako hata senti. Tangu 2019 kuna kibali cha wazi kwa mfanyakazi anayenyanyaswa. Uliomba?

#31 MtuWaBungoma (Alberta)
Niliomba, nikapata, nikahama. Sasa nalipwa vizuri. Mama amejengewa nyumba ya mawe. Ukiniuliza kama ningerudia, siku nyingine nasema ndio, siku nyingine siwezi kukujibu.

#32 JamaaWaKondele
Hapa ndipo sielewi. Kama LMIA ni ya kweli, unahitaji pointi za nini? Si unaomba kibali cha kazi, unaenda, ukifanya kazi mwaka mmoja unaingia Express Entry kwa uzoefu wa Kanada?

#33 Mhasibu58 (Nakuru)
Umegusa kiini. Ofa, LMIA, kibali cha kazi na makazi ya kudumu ni vitu vinne. Ofa ni ahadi ya mwajiri. LMIA ni wizara kukubali kwamba hakupata mwenyeji. Kibali ndicho unachoomba wewe, na alama za vidole unatoa Nairobi. Makazi ni foleni nyingine kabisa. Ajenti anavifunga vyote kwenye bahasha moja.

#34 OmwanaWaWebuye
Naongeza: kuna programu ya mafundi, Federal Skilled Trades. Huko hakuna 67. Wanataka miaka miwili ya kazi ndani ya mitano, Kiingereza cha chini zaidi, lakini lazima uwe na ofa ya mwaka mzima au cheti cha ufundi cha mkoa wa Kanada. Kwa fundi huyu ofa si pointi, ni tiketi ya kuingia. Kwa hiyo #2 aliposema “kimbia” alikosea kidogo.

#35 JamaaWaKondele
Nilisema amkimbie ajenti. Sikusema aikimbie Kanada.

#36 ZawadiYaMilimani (Kisumu)
Uingereza mambo ni hayo hayo kwa jina lingine. Dada yangu alinunuliwa cheti cha udhamini, kazi ya kulea wazee, 2023. Kampuni ilikuwa kwenye orodha ya serikali ya wadhamini, tulikagua wenyewe. Alipofika, wiki ya kwanza saa kumi na mbili za kazi. Wiki ya pili hakuna. Kisha kampuni ikanyang'anywa leseni na yeye akapewa siku 60 atafute mdhamini mwingine au arudi. Kwa hiyo hata orodha si kinga. Na sasa njia hiyo ya walezi kutoka nje imefungwa tangu 22 Julai 2025, msiuziwe.

#37 SistaWaZamu (Kisumu)
Alipata mwingine?

#38 ZawadiYaMilimani (Kisumu)
Siku ya 53. Tulikuwa tumeshaanza kufunga na kuomba.

#39 KijanaWaKaptembwo
Nendeni Ujerumani! Serikali yetu ilisaini mkataba Septemba 2024, nafasi 250,000 kwa Wakenya.

#40 Mhasibu58 (Nakuru)
Mkataba ni kweli, ulisainiwa Berlin. Hiyo 250,000 wizara yao ya ndani ilikana wiki hiyo hiyo. Kuna Chancenkarte tangu Juni 2024, huhitaji ofa ili kwenda kutafuta kazi, lakini uwe na pesa za kujikimu: 2025 walitaka euro 1,091 kwa kila mwezi, na viza ni ya hadi mwaka mzima. Zidisha.

#41 KijanaWaKaptembwo
Nimezidisha. Nimerudi Kaptembwo.

#42 FundiMatrekta (Nakuru)
Wadau, kuna kitu sikusema. Nilishampa 20,000 wiki mbili zilizopita, “ya kufungua faili”. Risiti ni ya daftari la kawaida, haina muhuri. Leo nimempigia, anasema faili limeshafika ubalozini na nikisita nafasi itapewa mtu wa Eldoret.

#43 KidoleJuu
Kila ajenti ana mtu wa Eldoret anayesubiri.

#44 ZawadiYaMilimani (Kisumu)
Usicheke, KidoleJuu, hata sisi tuliambiwa kuna mtu wa Thika. Fundi, ulilipa kwa M-Pesa? Chukua taarifa ya malipo, uende kwa polisi wa upelelezi, DCI. Na uangalie kama yuko kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Kutafutia watu kazi nje bila usajili wao ni kosa.

#45 MtotoWaDunga (Winnipeg)
NEA ni ya kazi. Anayekushauri uhamiaji wa Kanada kwa malipo lazima awe wakili wa huko au awe na leseni ya chuo chao cha washauri, CICC. Majina yapo wazi mtandaoni. Muulize namba yake halafu usikilize simu inavyokatika.

#46 FundiMatrekta (Nakuru)
Nimemuuliza. Amesema namba ni siri ya ofisi.

#47 MwalimuLurambi (Kakamega)
Mimi bado naamini wengine ni wakweli, wamepitwa na wakati tu. Wanasoma karatasi za 2020 na kuziuza. Si kila mtu ni mkora.

#48 JamaaWaKondele
Mwalimu, mtu aliyetengeneza mhuri wa bluu hajapitwa na wakati.

#49 MtuWaBungoma (Alberta)
Mimi naona ni waajiri wa huku. Kama hakungekuwa na mwajiri anayeuza, ajenti angekosa cha kuiga.

#50 ZawadiYaMilimani (Kisumu)
Na sisi tunaonunua je? Mama yetu alisema afadhali kulipa kuliko kungoja. Hakuna aliyetushikia bunduki.

#51 OmwanaWaWebuye
Kuna swali hamjamuuliza. Fundi, miaka saba utaithibitisha vipi? Mimi nilikwama hapo. Gereji ya jua kali haina barua yenye kichwa, hakuna hati ya mshahara. Nililipwa mkononi na siku nyingine kwa debe la maharagwe.

#52 FundiMatrekta (Nakuru)
Miaka minne niliajiriwa na shamba kubwa, barua ninayo. Mitatu iliyobaki najitegemea. Wateja hulipa M-Pesa.

#53 Mhasibu58 (Nakuru)
Kujitegemea kunahesabiwa kwa Skilled Worker. Kusanya taarifa za M-Pesa, PIN ya ushuru ya KRA na ulichowasilisha, na barua za wateja zinazoeleza ulifanya nini hasa na lini. Barua ya “ni kijana mzuri mwenye bidii” haina kazi. Wakikukubalia ile minne tu, unashuka kutoka 15 hadi 13, na nusu alama ya Sista haitoshi tena.

#54 FundiMatrekta (Nakuru)
Basi kazi ipo. Nimejiandikisha kurudia mtihani mwezi ujao, nilale na kidole kwenye neno. Ijumaa siendi ghorofa ya tatu. Nitaenda DCI na ile risiti ya daftari. Asanteni.

#55 MkulimaLugari
Fundi, samahani, natoka nje ya mada. Kabla hujaenda huko kwenye theluji: Massey Ferguson 240 yangu, jembe halinyanyuki injini ikipata moto. Asubuhi inanyanyua vizuri. Nimeambiwa ninunue pampu mpya.

#56 FundiMatrekta (Nakuru)
Usinunue pampu bado. Oili ulibadilisha lini? Mwaga, utoe chujio la haidroliki uliangalie, na unitumie picha ya hiyo oili ikiwa kwenye chupa nyeupe. Hiyo sitakulipisha.